Ufunguo wa Forodha: Bunge na Rais katika Historia ya Marekani

Katiba ya Marekani iliyotungwa mwaka 1787 ililikabidhi Bunge uwezo wa kutoza ushuru wa forodha, tena ikaagiza kwamba miswada ya mapato ianzie katika Baraza la Wawakilishi. Watu waliokwisha kupigana na mfalme kwa ajili ya kodi hawakutaka ufunguo wa hazina ukae mkononi mwa mtu mmoja. Ulifikaje basi kwa Rais?

Haukunyang'anywa, ulitolewa. Sheria ya mwaka 1922 ilimruhusu Rais kupandisha au kushusha kiwango cha ushuru hadi asilimia 50, ili gharama za uzalishaji wa ndani na wa nje zilingane. Kampuni moja iliyoagiza kemikali ilikuta ushuru wake umepanda kutoka senti 4 hadi 6 kwa ratili, ikashtaki. Mwaka 1928 Mahakama Kuu iliamua dhidi yake: maadamu Bunge limeweka kanuni inayoeleweka ya kumwongoza Rais, halijamwachia kazi ya kutunga sheria.

Mwaka 1930 Bunge lilipanga viwango lenyewe, na matokeo yake yanajulikana. Kila mbunge alitetea bidhaa za kwao. Wataalamu wa uchumi zaidi ya 1,000 walimsihi Rais Hoover asitie sahihi, akatia. Kanada na nchi nyingine zikalipiza. Ndipo mwaka 1934, chini ya Roosevelt na waziri wake Cordell Hull, Bunge lilipomruhusu Rais kupatana na mataifa na kubadili viwango hadi nusu, bila mapatano kuidhinishwa na Seneti. Ruhusa ilikuwa ya miaka 3 tu. Wengi huipita busara hiyo haraka: ulikuwa mkopo wenye tarehe, na mkopaji alilazimika kurudi kuomba upya.

Sheria ya mwaka 1962 ilimpa Rais uwezo mwingine, wa kuzuia bidhaa kwa ajili ya usalama wa taifa, na huo haukuwekewa tarehe. Kisha mwaka 1983 Mahakama Kuu ilifuta utaratibu wa Bunge kutangua maamuzi ya serikali bila sahihi ya Rais. Tangu hapo, Bunge likitaka kurudishiwa chake hupitisha sheria ambayo Rais mwenyewe aweza kuikataa, na kumshinda kunahitaji theluthi mbili katika kila baraza. Kwa sheria hiyo ya 1962, mwaka 2018 Rais Trump alitoza asilimia 25 kwa feleji na 10 kwa aluminiamu, hata zile za Kanada, mshirika wa kijeshi wa Marekani, pasipo kuomba kura ya Bunge.