Malisho ya Pamoja: Dedha ya Sericho na Dunia za Michezo ya Mtandaoni

Mchezo wa mtandaoni wa kuigiza uhusika ni dunia isiyolala. Mchezaji huingia kwa jina la kubuni, akawa shujaa, mhunzi au mganga, akakuta maelfu ya wenzake wakiwinda mazimwi yale yale na kuchimba madini yale yale. Akitoka, dunia inaendelea bila yeye. Ndiyo maana swali zito kuliko yote katika ubunifu wa michezo hii si sura ya joka wala uzuri wa milima. Ni swali la mgawo: kilicho kichache kitumiwe vipi na wengi bila kuisha, na bila watu kuumizana. Wafugaji wa Kiborana wa Sericho, katika Kaunti ya Isiolo, walikuwa na jibu la swali hilo muda mrefu kabla ya michezo yenyewe kuzaliwa, na historia ya michezo hii hueleweka vizuri zaidi ikisomwa kando ya jibu lao.

Mchezo wa kwanza wa aina hii uliitwa MUD. Ulianzishwa mwaka 1978 na Roy Trubshaw, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, na mwenzake Richard Bartle akauendeleza. Haukuwa na picha hata moja. Mchezaji alisoma maelezo ya pango au msitu, akaandika amri yake, akasubiri jibu. Lakini watu wengi waliweza kuwa ndani ya pango moja kwa wakati mmoja, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Kati ya Novemba 1989 na Mei 1990 wachezaji wakongwe wa toleo lililofuata walijadiliana kwa kirefu juu ya kile ambacho watu hukitafuta katika mchezo kama huo. Bartle alikusanya maoni yao, na mwaka 1996 akachapisha makala ambayo wabunifu wanaitumia hadi leo. Aliwagawa wachezaji katika makundi manne: wanaotafuta ushindi, wanaotafuta kuijua dunia ile, wanaotafuta kuzungumza na watu, na wanaotafuta wa kumtesa.

Wengi huishia kwenye orodha hiyo, na wanakosa sehemu iliyo bora. Hoja kubwa ya Bartle ilikuwa kwamba makundi hayo hutegemeana. Watesaji wakizidi, wazungumzaji hukimbia. Wazungumzaji wakikimbia, hata wanaotafuta ushindi hukosa wa kuwaringia, na dunia nzima hubaki tupu. Mbunifu basi hatengenezi mchezo tu. Anachunga uwiano wa watu, kazi ambayo mfugaji anaijua kwa jina la mifugo na nyasi.

Jaribio kubwa la kwanza lilikuja Septemba 1997, kampuni ya Origin Systems ya Austin, Texas, ilipofungua Ultima Online chini ya mbunifu mkuu Raph Koster. Wabunifu walitaka dunia yenye uhai wa kweli. Katika mpango wao sungura angekula majani na mbwa mwitu angemla sungura, na mbwa mwitu aliyekosa windo angesogea karibu na mji kutafuta cha kula. Madini na ngozi navyo vilitoka katika akiba yenye kikomo: kitu kikichakaa, malighafi yake inarudi ardhini ili itokee tena mahali pengine. Kwa hesabu za karatasini mpango huo ulikuwa mzuri mno. Wachezaji walipofunguliwa mlango, waliua kila kilichotembea, upesi kuliko dunia ilivyoweza kuzaa, hata hakuna aliyepata nafasi ya kuona mbwa mwitu akimfukuza sungura. Malighafi nazo hazikurudi, kwa sababu watu walirundika mashati na panga majumbani mwao bila kuzitumia. Mfumo wa wanyama ukaondolewa, na akiba yenye kikomo ikalegezwa ili vitu vipya viendelee kupatikana.

Ni rahisi kusema kwamba ulafi wa binadamu ndio ulioiangusha dunia ile. Mwaka 1968 mwanaikolojia Garrett Hardin alikuwa amekwisha kuandika kwamba malisho ya wote lazima yaharibiwe na wote, kwa kuwa kila mfugaji hunufaika kwa kuongeza ng'ombe mmoja zaidi. Sericho inaonyesha kosa la hoja hiyo. Malisho ya huko ni ya wote, lakini hayajawahi kuwa ya yeyote aingiaye apendavyo.

Wafugaji wa Sericho ni wa Waborana wa Waso, waliopewa jina la mto Ewaso Nyiro, nao wametokana na Waborana wa kaskazini ambao nchi yao inaingia hadi kusini mwa Ethiopia. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 utawala wa Kiingereza ulichora mistari ya kuwatenganisha na majirani zao Wasomali, na nchi yao ya Isiolo ikapata mipaka rasmi. Ndani ya mipaka hiyo walidumisha mpangilio wao wenyewe. Eneo la malisho linalotumiwa na jamii moja huitwa dedha, na wasimamizi wake ni baraza la wazee, jarsa dedha. Baraza hilo huamua ni sehemu gani ilishwe wakati wa mvua, ipi iachwe kwa kiangazi, na ipi isiguswe kabisa mpaka ukame ukithiri. Mvua za gana zikinyesha kati ya Machi na Mei, mifugo husogezwa mbali na mto, kwenye madimbwi ya muda, ili nyasi za kando ya maji ya kudumu zipumzike. Wanyama wa maziwa hubaki karibu na maboma pamoja na watoto na wazee. Wasiokamuliwa hupelekwa mbali na vijana, katika kambi za fora. Kabla ya kuhama, wapelelezi hutangulia kutazama nyasi, kuulizia magonjwa na kuomba ruhusa kwa wenyeji. Mgeni hakatazwi, ila anatakiwa abishe hodi.

Kisimani ndipo utaratibu huu unapoonekana kwa macho. Kisima cha mkono kina wanaume waliosimama ngazi kwa ngazi, wa chini akichota na kumpitishia wa juu yake, mpaka ndoo imwagwe katika hori la udongo. Ng'ombe waliokaa bila maji wanasukumana kwa kiu, lakini wanazuiwa mbali na kuachiwa mafungu kwa mafungu. Anayeamua fungu lipi lisogee ni aba erega, msimamizi wa zamu. Anajua kisima ni cha ukoo gani, nani alikichimba, nani alishiriki kukizibua baada ya mvua, ni mgeni gani amepewa siku, na ngamia, ambaye huvumilia kiu kuliko ng'ombe, asubiri hadi lini. Mwenye kuvunja zamu hutozwa faini ya mifugo. Akishupaa, hunyimwa maji, na katika nchi ya Sericho hakuna adhabu inayoishinda hiyo kwa uzito. Hapa ndipo penye siri ya dedha: malisho ni mapana na hayana uzio, ila maji ni machache, na anayeshika zamu ya maji ameshika pia matumizi ya nyasi zinazoyazunguka. Walinzi hawahitajiki katika kila bonde.

Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2009, alionyesha kwa mifano ya nchi nyingi kwamba rasilimali za pamoja hudumu pale watumiaji wanapofahamika, wanapojitungia kanuni na kusimamia adhabu wao wenyewe. Ultima Online ya mwaka 1997 haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Mchezaji aliyeua na kuiba angeweza kutupa jina lake la usiku ule na kurudi kesho kwa jina jipya. Wauaji walivizia wageni nje ya malango ya miji, kama Bartle alivyoonya, na wageni wakahama mchezo. Mei 2000 kampuni iliigawa dunia ile mara mbili: nakala moja iliyobaki na hatari zake, na nyingine ambamo mchezaji hawezi kumshambulia mwenzake bila ridhaa. Walio wengi walihamia upande salama. Wakongwe wamelalamika tangu hapo kwamba mchezo ulipoteza roho, na lalamiko lao lina haki fulani, kwa sababu miji iliyokuwa imeunda mgambo wake wa kujilinda ilikosa sababu ya kuwepo.

EverQuest, uliofunguliwa Machi 1999, uliwasukuma wachezaji kwenye utaratibu wa kisimani bila wao kujua. Zimwi lenye hazina adimu lilijitokeza mahali pamoja tu, baada ya saa nyingi, na makundi kadhaa yalilitaka. Wachezaji wakaanza kuweka orodha za zamu. Aliyefika aliuliza nani yuko mbele, akaandikwa, akasubiri. Aliyeruka foleni alitangazwa jina lake, na kwa kuwa mchezo ule haukuwezekana bila msaada wa wenzako, jina baya lilikuwa sawa na kunyimwa maji. Kampuni baadaye ilitoa kanuni zake za adabu. Orodha zile zilikuwa kazi ya wachezaji wenyewe, na kwa mtazamo wa historia ya ubunifu zina thamani kuliko majoka yote ya mchezo ule.

Lakini kusubiri kunachosha, na kampuni huuza raha. Mwaka 2003 EverQuest ilianza kutoa mapango ya nakala: kila kundi linaloingia linapata pango lake, zimwi lake na hazina yake. World of Warcraft, uliotoka Novemba 2004, uliyafanya mapango hayo kuwa msingi, na kufikia mwaka 2010 ulikuwa na wanachama milioni 12. Foleni zikaisha. Pamoja nazo ilipungua haja ya kumjua jirani, kumwomba zamu au kusuluhishana naye. Ni dawa ile ile ambayo wataalamu wa ardhi wameiagiza kwa wafugaji mara nyingi, yaani kukata malisho vipande na kumpa kila mmoja chake. Ndani ya kompyuta inawezekana, maana pango huzidishwa bila gharama kubwa. Katika nchi ambayo mvua hunyesha hapa leo na mwaka ujao kule, kipande kimoja humfunga mfugaji mahali pasipo na jani.

Sericho na jirani zake waliona gharama ya kufungwa hivyo. Wakati wa vita vya Shifta kati ya serikali na waasi wa kaskazini, vilivyoanza mwaka 1963 na kumalizwa kwa mapatano ya 1967, serikali iliwakusanya Waborana wa Isiolo katika vijiji vya ulinzi kama Garba Tula na Merti. Mifugo iliyoruhusiwa kulisha karibu tu na kambi ilimaliza nyasi na kufa. Mingine ilipigwa risasi. Gudrun Dahl, mwanaanthropolojia wa Uswidi aliyechapisha utafiti wake juu ya Waborana wa Waso mwaka 1979, alieleza jinsi ufukara ulivyofuata. Wenyewe wanakiita kipindi hicho Gaf Daba. Baraza la wazee lilidhoofika kwa sababu lilipoteza kitu cha kusimamia, na katika miongo iliyofuata visima vya mashine vilichimbwa na serikali na wafadhili bila kuuliza vingekaa katika malisho ya msimu gani. Kisima cha mashine katika malisho ya mvua huyageuza kuwa malisho ya mwaka mzima, na nyasi hazipumziki tena. Ni katika mwongo wa 2010 tu ambapo wazee wa Garba Tula waliandika kanuni zao za desturi ili zisomeke na vyombo vya serikali, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 ikafungua njia ya ardhi hiyo kusajiliwa kwa jina la jamii.

Upande wa michezo, walioshikilia dunia moja isiyo na nakala ni wachache. EVE Online wa Iceland, uliofunguliwa Mei 2003, umewaacha wachezaji wapigane, waibiane na wajiundie miungano yenye sheria zake, na tangu 2008 wachezaji huchagua baraza la kuwasemea mbele ya kampuni. A Tale in the Desert wa mwaka huo huo wa 2003 ulikwenda mbali zaidi: wachezaji walipendekeza sheria, wakazipigia kura, nazo zikaingizwa ndani ya mchezo. Tofauti moja inabaki palepale, hata hivyo. Baraza la EVE linashauri, na mwenye seva ndiye mwenye dunia. Jarsa dedha hukaa katika nchi yao wenyewe.

Kwa mchezaji wa Kenya, mgawo mwingine ulitangulia haya yote, nao ni mgawo wa muda. Kabla ya nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti ya nchi ilitegemea setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu ya ikweta, na amri na jibu lake vilichukua zaidi ya nusu sekunde. Katika mchezo wa mapigo ya haraka, mchezaji huyo alikuwa amekufa kabla ya kuona upanga. Nyaya zilipunguza kuchelewa huko, ingawa seva nyingi ziko Ulaya hadi sasa. Maeneo ya ndani kama Sericho yamengoja zaidi. Huduma ya intaneti ya Starlink ilianza kuuzwa Kenya Julai 2023, na mradi wa barabara ya Isiolo hadi Mandera ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2020 unaambatana na ulazaji wa nyaya za intaneti.

Ubunifu nao unaweza kumpunguzia mchezaji wa mbali hasara hiyo. RuneScape, uliotolewa na ndugu wa familia ya Gower huko Uingereza mwaka 2001, ulichezwa ndani ya kivinjari kwenye kompyuta dhaifu, na dunia yake husonga kwa hatua za sehemu sita za kumi za sekunde. EVE husonga kwa sekunde nzima. Amri zote zilizofika ndani ya hatua moja huhesabiwa pamoja, aliye jirani na seva na aliye mbali nayo, mradi intaneti yake iwahi kabla hatua haijafungwa.