Bastola ya kwanza ya kulengea shabaha: Kwa nini ya .22 hutangulia

ANAYEINGIA katika mchezo wa kulenga shabaha kwa mara ya kwanza hukabiliwa na kishawishi cha kutaka bastola kubwa, hasa ya milimita 9, kwa kuwa ndiyo aliyozoea kuiona kiunoni mwa maafisa wa polisi na katika filamu.

Wakufunzi wa mchezo huu kwa kawaida humwelekeza kwingine. Humshauri aanze na bastola ya risasi za .22, ambayo kishindo chake ni kidogo na teke lake halimshtui mpigaji.

Bastola kubwa humfunza mgeni kufumba macho na kukaza kiganja sekunde ile ile risasi inapotoka. Tabia hiyo ikishaota mizizi, kuing'oa huchukua miezi. Bastola ndogo, kwa upande wake, humwacha mwanafunzi atazame alama ya kulengea hadi mwisho, na risasi ikienda kombo ajue kwamba kosa ni la kidole chake.

Kwa Mkenya, uamuzi huu una uzito zaidi. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hairuhusu raia kununua wala kumiliki bunduki au risasi bila cheti. Cheti chenyewe hutaja silaha inayohusika na idadi ya risasi ambazo mwenyewe anaruhusiwa kuwa nazo. Mnamo Desemba 2018, serikali iliagiza raia wote wenye silaha wahakikiwe upya.

Kwa hivyo, hakuna kununua leo, kuchoka kesho na kurudi dukani kubadilisha kana kwamba ni viatu. Njia ya busara ni kujiunga kwanza na klabu, kujaribu bastola za aina mbalimbali katika uwanja ulioidhinishwa chini ya jicho la mkufunzi, kisha ndipo kuanza safari ya kutafuta cheti.

Risasi ya .22 tunayoizungumzia ilianza kutengenezwa Marekani mwaka wa 1887. Baruti yake ya kuwashia haiko katikati ya kitako cha ganda kama ilivyo kwa risasi kubwa, bali imetandazwa ndani ya ukingo wa kitako hicho. Msumari wa bastola hugonga ukingo, ukingo hubonyea, na moto huwaka.

Ganda la namna hiyo ni jembamba na rahisi kutengeneza, na hiyo ndiyo sababu risasi hizi huwa nafuu kuliko nyingine. Mchezo huu hujifunzwa kwa wingi wa risasi, na anayelazimika kuhesabu kila moja kwa sababu ya bei hatafika mbali.

Hata hivyo, unafuu huo una gharama yake. Mara nyingine baruti ya kuwashia haienei sawasawa ndani ya ukingo, na risasi hukataa kulipuka. Hapo mpigaji huendelea kuelekeza mtutu kwenye shabaha kwa nusu dakika hivi kabla ya kuifungua bastola, kwani huenda moto umechelewa tu. Mgeni afundishwe jambo hili siku ya kwanza, kabla ya jingine lolote.

Tukija kwenye bastola yenyewe, kitu cha kupima mwanzo ni kifyatulio. Hakikisha kwamba haina risasi, kisha ukivute polepole. Kifyatulio kizuri huenda bila kukwaruza, hukaza kidogo, halafu huachia ghafla kama kijiti kikavu kinachovunjika. Kikiwa kizito mno, au kikisuasua njiani, mtutu utayumba hata kama jicho limelenga barabara.

Pili ni mpini. Inua bastola tupu kuelekea mahali salama huku umefumba macho, kisha uyafumbue. Ikiwa alama ya mbele imekaa katikati ya mwanya wa alama ya nyuma, mpini huo umeukubali mkono wako. Ikiwa imeegemea upande mmoja, usijilazimishe kwa sababu muuzaji ameisifu.

Wanaotumia mkono wa kushoto wawe waangalifu zaidi, kwa kuwa mipini mingi ya mashindano huchongwa kwa ajili ya mkono wa kulia. Lakini wasife moyo. Károly Takács, mwanajeshi wa Hungary, alijeruhiwa vibaya mkono wa kulia na guruneti mwaka wa 1938. Alijifunza upya kwa mkono wa kushoto na kutwaa dhahabu ya bastola ya mapigo ya haraka katika Olimpiki za London 1948 na Helsinki 1952.

Miongoni mwa bastola ambazo wanaoanza hupendekezewa ni Ruger, ukoo uliozaliwa mwaka wa 1949, na Browning Buck Mark iliyotoka mwaka wa 1985. Zote ni imara, na mtutu wake umekazwa mahali pamoja badala ya kuchezacheza. Ruger za zamani zilikuwa na sifa mbaya ya kuwatoa jasho wenyewe wakati wa kuzifungua na kuziunganisha baada ya kuzisafisha. Mark IV ya mwaka wa 2016 iliondoa adha hiyo kwa kitufe kimoja.

Anayeuziwa Mark IV iliyokwishatumika aulize ilitengenezwa lini. Mwaka wa 2017, kampuni ya Ruger iliwataka wenye bastola hizo zilizotengenezwa kabla ya Juni 1 mwaka huo wazirejeshe zirekebishwe. Iligunduliwa kwamba kifyatulio kikivutwa wakati kizuizi cha usalama kimesimama katikati, baadaye risasi ingeweza kutoka pale kizuizi kinapoondolewa.

Vibastola vidogo vya .22 vilivyoundwa kufanana na vya askari, kama Walther P22, vinavutia macho. Kwa shabaha ya mita 25, sivyo ninavyovipendekeza. Mtutu ni mfupi, na alama za kulengea zimekaribiana kiasi kwamba kosa dogo la jicho huwa kubwa kwenye karatasi.

Anayenuia kushindana apime kwanza, alipe baadaye. Kanuni za kimataifa za bastola ya mita 25 zinataka mtutu usiozidi milimita 153, uzani usiozidi gramu 1,400, na kifyatulio kisichoachia kabla ya uzito wa gramu 1,000. Bastola maarufu ya Smith & Wesson Model 41 yenye mtutu wa inchi saba, kwa mfano, hukataliwa kwa urefu huo pekee, ingawa ni chombo kizuri ajabu. Duara la alama kumi katika hatua ya kupiga kwa utulivu lina kipenyo cha milimita 50, na bastola hushikwa kwa mkono mmoja tu. Mpigaji hupiga risasi 30 kwa utulivu, kisha nyingine 30 ambapo shabaha hujitokeza kwa sekunde tatu tu kila mara.

Kila bastola ina risasi inayoipenda. Nunua boksi moja moja za aina tatu au nne, ilimradi idadi isizidi iliyo kwenye cheti. Egemeza mikono mezani, upige kumi kumi za kila aina, kisha ulinganishe matundu. Mara nyingi risasi za mwendo wa wastani, zisizoupita mwendo wa sauti, hukusanyika pamoja vizuri kuliko zile za kasi.

Mwishoni mwa zoezi, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, kwani vichwa vya risasi hizi huwa vya risasi ya madini, ambayo ni sumu. Nyumbani, bastola hufungiwa katika sanduku la chuma, na ufunguo usiwe mahali ambapo watoto wanapafahamu. Udogo wa .22 usimdanganye yeyote. Risasi yake huweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu, na huua.