Sonata ya Kiklasiki

Sonata ya Kiklasiki ni utungo wa ala, hasa kwa piano peke yake au piano na fidla, uliokomaa Ulaya katika nusu ya pili ya karne ya 18. Chimbuko lake ni Italia ya karne ya 17, ambako Arcangelo Corelli alitunga sonata za kanisani na za ukumbini kwa fidla mbili na besi. Haydn, Mozart na Beethoven ndio walioifikisha kileleni.

Kwa kawaida huwa na sehemu tatu: ya kasi, ya polepole, kisha ya kasi tena. Uzito mkubwa uko katika ile ya kwanza. Humo melodia mbili hutambulishwa katika funguo tofauti, hukatwakatwa na kuzungushwa katika funguo nyingine, kisha hurejea na mvutano ukatulia katika ufunguo wa nyumbani. Sonata K. 545 ya Mozart (1788), aliyoiandika kwa wanaoanza kujifunza, huanza katika C meja. Melodia ya pili huja katika G meja. Marejeo, kwa ujasiri wa kupendeza, huanzia F meja, na melodia ya pili ndiyo hatimaye husikika katika C.