Mipaka Mitatu ya Askari

Askari hazaliwi, hufundishwa. Kijana hutoka shambani au mjini akiwa na miguu yake, tumbo lake na hofu yake. Baada ya miezi michache kambini, yule yule aweza kutembea kutwa nzima na mzigo mgongoni, kulala chini ya mvua, na kusimama imara pale ambapo jana angekimbia. Kimepita nini kati ya siku hizo mbili? Jambo hili yafaa tulitazame katika historia ya nchi yetu, kwa kuwa vijana wengi wa hapa Bel-Air na mitaa mingine ya Lubumbashi hutamani uaskari bila kujua babu zao waliulipia nini.

Jeshi la kale la Kongo liliitwa Force Publique. Lilianzishwa wakati wa Mfalme Leopold wa Pili, katika miaka ya 1885 na 1886. Askari wake wa kwanza wengi walikuwa wageni, yaani watu wa Zanzibar na Wahausa wa Afrika ya Magharibi. Kisha, kwa amri ya mwaka 1891, wenyeji wakaandikwa kwa nguvu ya sheria. Machifu walidaiwa vijana. Na chifu akidaiwa watu, humtoa nani? Mara nyingi alimtoa mtumwa, yatima, au yule asiye na ndugu wa kumtetea. Wengine walifika kambini wamefungwa kamba. Baadaye muda wa kutumika ukawa miaka 7.

Mpaka wa kwanza aliokutana nao kuruta ulikuwa mwili wake. Tarumbeta ililia alfajiri, gwaride likaanza, kisha bunduki, kisha mwendo. Katika kazi hiyo iko hekima, nayo haijabadilika hata leo. Mwili huzoea kidogo kidogo: leo mzigo mwepesi, juma lijalo mzito kidogo, halafu kupumzika. Maana nguvu haziongezeki wakati wa kuchoka. Huongezeka wakati wa kulala na kula baada ya kuchoka. Mwalimu asiyejua hayo huvunja watu badala ya kuwajenga. Mfupa wa mguu ukipigishwa ardhi kila siku pasipo nafasi ya kupona, hupasuka. Mtu akikimbizwa juani bila maji, damu yake huchemka, naye aweza kufa siku hiyo hiyo. Katika Force Publique walikuwapo walimu wenye akili, lakini mwalimu mkubwa alikuwa fimbo. Kuruta alichapwa kwa kuchelewa, kwa kifungo kilichokatika, kwa neno ambalo hakulifahamu, kwa sababu amri zilitolewa kwa lugha isiyokuwa ya mama yake.

Mpaka wa pili ni moyo. Kila aliyepata kutembea safari ndefu anajua kwamba moyo husema “nimekwisha” kabla miguu haijakwisha. Mazoezi ya askari humfundisha asiiamini sauti hiyo upesi. Naye haishindi peke yake. Huishinda kwa sababu mwenzake wa kulia anatembea, na wa kushoto vile vile. Aona haya kukaa chini, na akianguka ajua atainuliwa.

Tazameni mwaka 1916. Majeshi ya Kongo, chini ya Jenerali Tombeur, aliyekuwa ametawala hapa Katanga, yalivuka mpaka kupigana na Wajerumani. Kigali ilitwaliwa mwezi wa Mei, Kigoma mwezi wa Julai. Toka Kigoma hata Tabora ni kilometa 400 na zaidi, nao Wajerumani walikuwa wameharibu madaraja ya reli walipokuwa wakirudi nyuma. Basi, wakaenda kwa miguu. Wakapigana vikali Lulanguru na Itaga, na tarehe 19 Septemba 1916 wakaingia Tabora. Nyuma yao walikuwako wapagazi, maelfu kwa maelfu, wenye kubeba risasi na unga. Hao hawakufundishwa gwaride, hawakupewa medali, wala chakula chao hakikutosha. Ugonjwa uliwaua kuliko vita. Tukisifu uvumilivu wa askari, tusiusahau wa mpagazi.

Mwaka 1941 wakaenda mbali zaidi, hata Abisinia, kupigana na Waitalia. Walishika Asosa mwezi wa Machi, kisha Gambela penye mto Baro. Toka huko nchi hupanda juu sana kuelekea Saio. Watu waliozoea joto la msitu walitetemeka kwa baridi ya milimani. Mvua zilifunga njia, vyakula vikapungua, na beriberi pamoja na kuhara vikaingia kambini. Hata hivyo hawakurudi. Tarehe 3 Julai 1941 Jenerali Gazzera alijitoa mikononi mwa Jenerali Gilliaert, pamoja na majenerali wenzake na maelfu ya askari. Jina la Saio lilitiwa katika sifa za jeshi.

Lakini historia ya mwaka huo haiishi Saio. Mwezi wa Desemba 1941, hapa mjini, palipoitwa Élisabethville wakati ule, wafanya kazi wa Union Minière waligoma. Vita vilikuwa vimepandisha bei ya vitu, na mshahara haukutosha kulisha watoto. Tarehe 9 Desemba walikusanyika katika uwanja wa mpira. Askari wa Force Publique waliamriwa wapige bunduki, nao wakapiga. Léonard Mpoyi, aliyewasemea wenzake, aliuawa. Hesabu ya serikali ilitaja wafu 48. Wengine husema walizidi.

Hapa twafika mpaka wa tatu, nao ni dhamiri. Kuruta amefundishwa kuushinda mwili usemao “nimechoka”, na moyo usemao “naogopa”. Je, afundishwe pia kuishinda dhamiri isemayo “huyu ni ndugu yangu, hana silaha”? Fimbo haitenganishi sauti hizo tatu. Huzinyamazisha zote pamoja. Mtu aliyepigwa mpaka asiulize kitu, hataweza kuuliza siku ile inapompasa kuuliza. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha waziwazi kwamba utii wa upofu haumwondolei mtu lawama ya kutenda uovu mkubwa namna hiyo.

Tena, fimbo haiwafai hata wale wanaoishika. Mwaka 1895 askari wa Luluabourg waliwaasi wakubwa wao. Mwaka 1944, mahali pale pale, waliasi tena. Walichoka na vita virefu, na walipoambiwa wachanjwe, waliogopa kwamba wanataka kuuawa. Fikirini: watu waliothubutu kuikabili mizinga waliikimbia sindano. Hawakukosa ushujaa, walikosa kuwaamini wakubwa wao. Na tarehe 30 Juni 1960, nchi ilipopata uhuru, katika jeshi lote hakuwapo Mkongo hata mmoja mwenye cheo cha ofisa. Askari waliokuwa wamepita kila kipimo cha mwili na moyo waliambiwa na Jenerali Janssens kwamba kwao hakuna kilichobadilika. Siku hiyo hiyo, tarehe 5 Julai, maasi yakaanza, na baada ya siku chache yakafika Kambi Massart, hapa mjini kwetu. Raia wengi, weusi na weupe, walilipa kwa machozi.

Basi, je, mazoezi magumu ni mabaya? Hasha. Kijana asiyejua kuumia kwa ajili ya wengine hafai kuwa askari, wala baba wa nyumba, wala mganga wa usiku hospitalini. Lakini kuna jasho linalomkuza mtu, na kuna jasho linalomfanya chombo. Namna ya kuyapambanua si ngumu. Mwalimu mwema hutembea mbele ya kuruta wake, hunywa maji yao, hujua majina yao, naye hueleza sababu ya amri. Mwalimu mbaya hukaa kivulini na kuhesabu fimbo.

Askari walipomwuliza Yohane Mbatizaji wafanye nini, hakuwaambia watupe silaha zao. Aliwaambia wasimdhulumu mtu wala kumsingizia, bali waridhike na mshahara wao. Hilo nalo ni zoezi, na kwa mwenye bunduki mkononi na njaa tumboni, ni zito kuliko mwendo wa Tabora. Anayetaka kumpeleka mwanawe kambini amfundishe kwanza hilo nyumbani, kwa maana sajini hatalifundisha.