Ngoma ziko Bujora, karatasi ziko Dar

Kwa wale ambao bado hamjafika Bujora, panda daladala ya Kisesa, barabara ya Musoma, kama kilomita 20 hivi kutoka Mwanza mjini. Ukishuka Kisesa ulizia makumbusho, kila mtu anapajua. Sisi wanachuo tukienda pale tunaangalia Bugobogobo, tunapiga picha pembeni ya ngoma za watemi, tunarudi. Safi tu. Ila leo naomba tuziangalie zile ngoma kwa jicho la historia, maana kuna jambo linanikera.

Kwanza, Makumbusho ya Wasukuma hayakuanzishwa na serikali. Aliyeyaanzisha ni Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Mapadri Weupe, aliyefika Bujora miaka ya 1950 na kuwa karibu sana na wazee na wacheza ngoma. Makumbusho yakafunguliwa mwaka 1968.

Huo mwaka ushike vizuri. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilikuwa imefuta mamlaka ya machifu. Ntemi akawa raia kama mimi na wewe, na ngoma iliyokuwa alama ya utawala wake ikakosa kazi. Miaka 5 tu baadaye Bujora ikawa na nyumba ya kuzitunzia. Na si nyumba hivi hivi: jengo la watemi lina umbo la kiti cha enzi, na ndani yake kuna ngoma, viti na mavazi ya utawala. Pembeni kuna nyumba ya mganga, ya mhunzi, na ya vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, watani wa jadi tangu karne ya 19, ambao hadi leo wanatambiana kwenye sikukuu ya Bulabo mwezi wa 6. Bila Bujora, sijui vingapi kati ya hivyo vingekuwa vimeliwa na mchwa.

Sasa kinachonikera ni nini? Ngoma ina sauti lakini haina maelezo. Ukiiangalia unaona mti na ngozi. Huoni kwamba ntemi hakujiweka mwenyewe, bali alichaguliwa na wazee walioitwa banang'oma, yaani wana wa ngoma. Huoni kwamba zamani, sehemu kubwa ya Usukuma, utemi ulipitia upande wa mama, mtoto wa dada ndiye akarithi, na kwamba wakati wa Mwingereza mambo yakageukia kwa baba. Hilo ni jambo zito jamani! Ni swali la nani mwenye haki ya kutawala.

Habari za namna hiyo ziliandikwa na Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mtafiti wa serikali ya kikoloni. Alitoa kitabu kuhusu watemi mwaka 1951, na kingine kuhusu sheria na mila za Wasukuma mwaka 1953. Makaratasi yake yametunzwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yaani ngoma iko Kisesa, maelezo yake yako zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara. Mtoto wa Magu anaona kitu bila habari, msomi wa Mlimani anasoma habari bila kuona kitu.

Halafu tusimmeze Cory mzima mzima. Aliajiriwa na serikali iliyotawala kupitia machifu, kwa hiyo aliuliza maswali ambayo serikali ilitaka majibu yake: nani anarithi, nani anaamua kesi. Mwanamke aliyemlimia ntemi shamba aliionaje ngoma hiyo? Hilo halikuwa swali la ofisini.

Zamani jibu lingepatikana shikome, pale kwenye moto wa jioni ambapo wazee walifundisha vijana. Hiyo ndiyo ilikuwa maktaba yetu. Bujora wamejitahidi hapo pia, kamati yao ya utafiti imekusanya methali na hadithi nyingi za Kisukuma. Lakini kamati moja haiwezi kumaliza Usukuma wote.

Na muda hautusubiri. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1963 sasa amevuka 80. Wewe unayetoka Magu, Kwimba, Maswa au Bariadi, likizo hii kaa na guku wako, na bibi pia, tena bibi usimsahau! Muulize ngoma ya ntemi ilipigwa lini, na watu walifanya nini waliposikia. Simu yako inarekodi, itumie. Andika jina la kijiji na tarehe, halafu nakala moja ipeleke Bujora na nyingine maktaba ya chuo.

Picha na ngoma tunazo za kutosha. Nawakilisha.