UZI 🧵: Hesabu ya walevi Ukambani hutoka wapi?

1/ Kila msimu wa siasa utasikia jukwaani: vijana wa Kitui na Makueni wameisha kwa pombe! Mwingine anajibu kwamba hali imetulia. Wote wawili wana takwimu. Kabla hujapiga makofi, uliza: nani alihesabu, na alihesabu nini?

2/ Turudi nyuma kidogo. Zamani kaluvu ilikuwa pombe ya wazee, ya mahari na sherehe. Mwaka 1980 sheria ikapiga chang'aa marufuku. Watu hawakuacha, walijificha tu. Mwaka 2010 ikaruhusiwa kwa masharti. Na anayekunywa kichakani haandikwi popote.

3/ Mei 2014, pombe yenye methanoli iliua watu kwa makumi katika kaunti kadhaa, Kitui na Makueni zikiwemo. Wengine walipofuka. Waliofikishwa hospitali waliandikwa. Lakini mtu akifia nyumbani, kifo huandikishwa kwa naibu chifu, na chanzo ni kile jamaa wamesema. Wakiona aibu, watasema aliumwa tumbo. Basi.

4/ "Si siku hizi kuna kompyuta?" Ndio, tangu 2011 vituo vya afya hutuma ripoti za kila mwezi kwa mfumo mmoja wa kitaifa. Ila kinachotumwa ni jumla, si safari ya mtu. Huwezi kujua kama huyu wa ini bovu ndiye yule aliyeshonwa mwaka jana baada ya kuanguka akiwa amelewa. Sweden ilianza kumpa kila mkaazi namba yake mwaka 1947, ndio maana watafiti wao wanaweza kufuata safari hiyo bila kuona jina.

5/ Takwimu za NACADA zinazotajwa sana hutoka kwa utafiti wa nyumba kwa nyumba. Ni kazi muhimu. Lakini jiulize: wewe ungemwambia mgeni mlangoni kwamba asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate kikombe?

6/ Sheria ya Afya Dijitali ya 2023 inataka rekodi za wagonjwa ziunganishwe. Faida ipo: tutajua wapi panahitaji matibabu ya uraibu. Hatari pia ipo. Mraibu akihofia jina lake litamfikia chifu au mwajiri, hataenda hospitali kabisa. Sheria ya kulinda data ya 2019 inakataza hilo, lakini lazima yeye mwenyewe aiamini.

7/ Kwa hivyo mheshimiwa akisema ulevi umepungua, muulize hivi: umepungua kunywewa, ama umepungua kuandikwa?