Dhamiri ya Mzazi na Chanjo ya Mtoto: Mafundisho ya Mama Kanisa

Katika parokia zetu wapo wazazi wanaompeleka mtoto kliniki pasipo swali lolote, na wapo wanaosita. Baadhi yao wamesikia kwamba kuna chanjo zenye uhusiano na watoto waliouawa wakiwa tumboni mwa mama zao. Wengine wanaogopa madhara ya sindano, na wengine wanajiuliza kama kutegemea chanjo si dalili ya imani haba. Maswali haya hayafai kudharauliwa. Lile la kwanza hasa linatokana na upendo kwa uhai ambao Mama Kanisa mwenyewe ametufundisha. Makala hii inaeleza ukweli wa jambo hili na yale ambayo Kanisa limefundisha, ili wazazi Wakatoliki waamue kwa dhamiri iliyoelimishwa.

Uhai ni amana, na dhamiri ni hukumu ya akili

Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 2288) inatufundisha kwamba uhai na afya ni zawadi za thamani ambazo Mungu ametukabidhi. Tunapaswa kuzitunza kwa busara, tukizingatia mahitaji ya wengine na mafao ya wengi. Naye Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anaeleza kwamba dawa zimetoka katika nchi kwa uwezo wa Muumba, na kwamba mgonjwa anapaswa kusali na pia kumpa tabibu nafasi yake. Kwa hiyo mzazi anayemkinga mtoto wake hamvunjii Mungu heshima. Anatumia kile ambacho Mungu amewajalia wanadamu kukigundua.

Dhamiri nayo si hofu, wala si taarifa iliyosambazwa usiku katika kundi la simu. Dhamiri ni hukumu ya akili kuhusu wema au ubaya wa tendo, na hukumu yoyote huhitaji ushahidi. Ndiyo maana Katekisimu (namba 1791) inaonya kwamba mtu asiyejali kuutafuta ukweli anaweza kuwajibika kwa kosa analolitenda hata kama dhamiri yake haimsuti. Basi wazazi wana wajibu wa kuuliza, na kuuliza mahali palipo na jibu.

Chanjo za utotoni na matunda yake

Ratiba ya Tanzania, inayofanana kwa sehemu kubwa na ile ya Kenya, humpa mtoto chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio mara anapozaliwa. Katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hupata chanjo ya mseto inayomkinga dhidi ya magonjwa matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na maambukizi ya bakteria wanaoitwa Hib. Katika kipindi hicho hicho hupata pia kinga dhidi ya polio, nimonia na kuhara kunakosababishwa na virusi vya rota. Anapofikisha miezi 9, na tena miezi 18, huchanjwa dhidi ya surua na rubella.

Wazee wetu waliuona uso wa ndui. Leo ugonjwa huo haupo. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya asili alipatikana Merca, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 ulimwengu ukatangaziwa kuwa ndui imetokomezwa. Surua nayo, kabla ya chanjo yake kuanza kutumika mwaka 1963, ilikadiriwa kuua watu wapatao milioni 2.6 kila mwaka duniani. Mgonjwa mmoja wa surua anaweza kuwaambukiza watu kati ya 12 na 18 wasio na kinga. Kwa sababu hiyo wataalamu husema watoto wasiopungua 95 katika kila 100 wanapaswa kuchanjwa ili jamii nzima ikingike, wakiwemo watoto wachanga ambao umri wao wa kuchanjwa haujafika.

Swali zito: chimbuko la baadhi ya seli

Chanjo nyingi katika ratiba hiyo hazina uhusiano wowote na utoaji mimba. Kuna zinazotengenezwa kwa bakteria waliodhoofishwa au kwa sehemu ya bakteria, na kuna zinazotumia hamira au seli za wanyama. Chanjo ya rubella, hata hivyo, ina historia ambayo Mkristo hawezi kuipita kimya.

Virusi havikui peke yake. Huhitaji seli hai ili viongezeke. Katika miaka ya 1960 watafiti walichukua seli za mapafu ya vijusi viwili vilivyotolewa kwa makusudi, wakazikuza maabara. Seli za kwanza, zinazoitwa WI-38, zilitokana na kijusi kutoka Sweden mwaka 1962. Za pili, MRC-5, zilipatikana Uingereza mwaka 1966. Hata kirusi kilichodhoofishwa ili kutengeneza chanjo ya rubella inayotumika sehemu kubwa ya dunia kilitoka katika kijusi kilichotolewa baada ya mama yake kuambukizwa ugonjwa huo. Mimba hizo hazikutolewa kwa lengo la kutengeneza chanjo, na seli zinazotumika leo ni uzao wa zile za awali, zilizoongezeka maabara kwa miaka mingi. Hakuna mtoto mwingine anayeuawa ili chanjo mpya ipatikane. Hata hivyo, watoto wale walikuwa binadamu, na kuuawa kwao kulikuwa uovu mkubwa. Kanisa halijasema vinginevyo, wala halitasema.

Je, mzazi anayekubali chanjo hiyo anashiriki uovu ule?

Jibu la Kanisa

Mwaka 2003 ombi la ufafanuzi kutoka Marekani lilimfikia Kardinali Joseph Ratzinger, wakati huo Mwenyekiti wa Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa, ambaye baadaye alikuwa Papa Benedikto XVI. Taasisi ya Kipapa kwa ajili ya Maisha ilipewa kazi ya kulichunguza suala hilo, na mwaka 2005 ikatoa tafakari yake. Baraza lenyewe lilifuata kwa hati ya Dignitas personae ya mwaka 2008, na tena kwa Waraka wa tarehe 21 Desemba 2020 kuhusu chanjo za UVIKO-19, uliothibitishwa na Papa Fransisko.

Msingi wa jibu ni tofauti ambayo maadili ya Kikatoliki yameifundisha kwa karne nyingi. Mtu anayetaka uovu pamoja na mtenda uovu ni mshiriki wake kamili, na jambo hilo haliruhusiwi kamwe. Mtu asiyeutaka uovu, ila tendo lake jema linagusana kwa mbali na matokeo yake, hayuko katika hali ile. Tufikirie barabara iliyojengwa kwa kazi ya shuruti enzi za ukoloni. Anayeipita leo akimpeleka mgonjwa hospitali haridhii viboko walivyopigwa wajenzi wake, ingawa anapaswa kukumbuka walichotendewa na kukataa kisirudiwe.

Kwa msingi huo Kanisa linafundisha kwamba, pale ambapo hakuna chanjo nyingine isiyo na doa, wazazi wanaweza kutumia chanjo iliyopo bila dhambi, kwa ajili ya kulinda afya ya mtoto na ya jamii. Ruhusa hiyo haihalalishi utoaji mimba kwa namna yoyote. Inaambatana na wajibu wa kudai chanjo zinazotengenezwa kwa njia safi. Mzigo mkubwa wa wajibu huo uko kwa watafiti, makampuni ya dawa na serikali, si kwa mama aliyeketi kwenye foleni ya kliniki. Na chanjo ya namna hiyo inawezekana: Japani imetengeneza chanjo ya rubella kwa kutumia seli za figo za sungura, ila haimo katika mpango wa chanjo wa nchi zetu.

Mtoto wa jirani ambaye hajazaliwa

Hapa ndipo mizani ya dhamiri inapohitaji uangalifu. Kwa mtoto mwenyewe rubella mara nyingi ni ugonjwa mwepesi: homa kidogo, vipele vya siku chache, kisha anapona. Mzazi anaweza kudhani hakuna sababu ya kumchanja. Lakini mtoto huyo akimwambukiza mama mjamzito, hasa katika miezi ya mwanzo ya mimba, uwezekano wa kirusi kumfikia mtoto aliye tumboni hufikia asilimia 90. Matokeo yake ni mimba kuharibika, au mtoto kuzaliwa akiwa kiziwi, akiwa na mtoto wa jicho, au akiwa na kasoro za moyo. Daktari Norman Gregg wa Australia ndiye aliyeonyesha uhusiano huo mwaka 1941.

Kabla chanjo haijapatikana, Marekani ilipatwa na mlipuko wa rubella kati ya mwaka 1964 na 1965. Watu wapatao milioni 12.5 waliugua. Mimba zipatazo 11,000 zilipotea, nyingine zikiwa zimetolewa kwa makusudi kwa hofu ya ulemavu, na watoto wapatao 20,000 walizaliwa na madhara ya ugonjwa huo.

Kwa hiyo mzazi anayeikataa chanjo hii kwa ajili ya kuwaheshimu watoto wawili waliouawa zaidi ya nusu karne iliyopita anapaswa pia kumtazama mtoto aliye hai leo tumboni mwa jirani, katika benchi lile lile la kanisa. Tafakari ya mwaka 2005 ilisema jambo hili waziwazi: kuhusu rubella, wazazi wanaokataa kuwachanja watoto wao wanaweza kubeba wajibu wa ulemavu na vifo vitakavyotokea kwa sababu ya maambukizi. Kwa chanjo hii, kuutetea uhai wa wasiozaliwa na kumchanja mtoto ni njia moja.

Hofu nyingine zinazosikika

Usonji. Dai kwamba chanjo ya surua huleta usonji lilienea kutokana na makala iliyochapishwa Uingereza mwaka 1998. Jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010, na mwandishi wake mkuu akaondolewa katika orodha ya madaktari wa nchi hiyo. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2019, uliofuatilia watoto zaidi ya 650,000, haukuona uhusiano wowote kati ya chanjo hiyo na usonji.

Uzazi. Wengi wanakumbuka kwamba mwaka 2014 Maaskofu Katoliki wa Kenya walihoji kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake, wakieleza wasiwasi kuwa ilikuwa na homoni inayozuia mimba. Serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha, wakisema chanjo ni salama na kwamba vipimo vilivyotumika havikuwa vya kupimia chanjo. Yafaa kukumbuka kwamba Maaskofu walidai uwazi; hawakuipinga chanjo kwa ujumla, na vituo vya afya vya Kanisa viliendelea kuwachanja watoto. Mwezi Machi 2021 Baraza hilo hilo, kupitia Mwenyekiti wake Askofu mkuu Philip Anyolo, lilieleza kwamba kupokea chanjo ya UVIKO-19 ni halali kimaadili.

Usafi wa moyo. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa kitaifa Tanzania mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019, huwatia wazazi wengine hofu kwamba itawafungulia mabinti mlango wa uasherati. Lakini binti aliyejitunza hadi ndoa anaweza kuambukizwa na mumewe. Sindano haifundishi wala haiondoi usafi wa moyo. Malezi hayo yanabaki kuwa kazi ya baba na mama.

Uhuru, na mipaka yake

Waraka wa mwaka 2020 unafundisha kwamba chanjo, kwa kawaida, inapaswa kuwa ya hiari. Papo hapo unasema kwamba anayekataa kwa sababu ya dhamiri analazimika kufanya kila awezalo asiwe njia ya kuwaambukiza wengine, hasa walio dhaifu. Mtu mzima akikataa kwa ajili yake mwenyewe, hatari ya kwanza inamwangukia yeye. Mzazi akikataa kwa niaba ya mtoto, anayebeba hatari ni mtoto asiyeweza kusema. Tofauti hiyo ipimwe kwa uzito mbele ya Mungu.

Mambo ya kufanya kabla ya kuamua

Baba na mama wazungumze pamoja, kwa maana mtoto ni wa wote wawili. Maswali ya kimaadili yapelekwe kwa paroko, na maswali ya tiba kwa daktari au muuguzi. Mhudumu wa afya aelezwe kama mtoto aliwahi kupata mzio mkali baada ya chanjo, kama kinga yake ya mwili imedhoofika, au kama ana homa kali siku hiyo, kwa kuwa hali kama hizo zinaweza kusababisha chanjo iahirishwe au isitolewe. Mafua madogo si sababu ya kuahirisha. Chanjo ya surua na rubella haitolewi kwa mama mjamzito. Homa kidogo, maumivu au vipele baada ya chanjo ni jambo la kawaida. Mtoto akipumua kwa shida au kuvimba uso, arudishwe kituoni mara moja. Kadi ya kliniki itunzwe vema, kama kinavyotunzwa cheti cha ubatizo.

Wale ambao dhamiri yao bado inasumbuka kwa sababu ya chimbuko la seli wanaweza kumpeleka mtoto kuchanjwa, na siku hiyo hiyo kuwaombea watoto wote wasiopewa nafasi ya kuzaliwa, pamoja na mama zao. Wanaweza pia, kupitia Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo na vyama vya kitume, kupaza sauti ili zipatikane chanjo zisizo na doa hilo. Familia Takatifu ya Nazareti, iliyomlinda Mtoto Yesu dhidi ya hatari, iwaombee wazazi wote hekima na amani ya moyo.